Seti ya kujenga injini ndogo kwa vipande vya kusubu nyumbani: violezo bora, michoro yenye mapengo

Boksi la seti hii ni zito kiasi cha kuhitaji watu wawili kulibeba, na bado ndani yake hamna hata kipande kimoja cha injini. Mna violezo 14 vya mbao (maumbo yanayozikwa mchangani ili yakichomolewa yaache nafasi ya kujazwa metali), tanuri dogo la gesi lenye kichomeo chake, chungu cha grafiti, koleo mbili, kipimajoto cha waya, fremu za kalibu, mchanga wa kusubia uliochanganywa na mafuta, chupa ya sodiamu silikati na kitabu cha michoro. Mnunuzi anatakiwa kuyeyusha alumini yake mwenyewe, kuisubu, yaani kuimimina igande, katika kalibu za mchanga, kisha kuvikereza (kuvichonga kwa mashine) vipande alivyopata mpaka vikutane na kuwa injini ya petroli inayowaka. Yangu imenichukua miezi saba ya mwisho wa juma, na sasa inazunguka. Naiona seti hii inafaa kununuliwa kwa sababu ya mbao zake, lakini kitabu chake cha michoro hakipaswi kuaminiwa kabla ya mnunuzi kukipima mstari kwa mstari. Mtengenezaji sitamtaja, kwa kuwa nimeshamwandikia kuhusu makosa nitakayoyaeleza na amekiri mawili kati ya hayo.

Injini yenyewe ni ya silinda moja iliyolala, yenye kipenyo cha milimita 24 na mwendo wa pistoni wa milimita 36, yaani ujazo wa takriban sentimita za ujazo 16. Hufanya kazi kwa mipigo minne na hubeba flaiwili mbili, yaani magurudumu mazito ya kutunza mwendo, moja kila upande wa krankishafti, ile ekseli inayozungushwa na pistoni. Kasi yake hudhibitiwa kwa njia ya injini za shambani za zamani: mwendo unapozidi kiwango, vizito vidogo vilivyofungwa kwenye flaiwili hutanuka na kusukuma kilango, yaani komeo dogo, kinachoizuia valvu ya kutolea moshi isifunge. Valvu ya kuingizia hewa haina kamu ya kuisukuma. Hufunguliwa na mvuto wa pistoni peke yake, kwa hiyo ile ya moshi ikibaki wazi mvuto hukosekana, mafuta hayaingii, na injini huzunguka kimya kwa nguvu ya flaiwili mpaka kasi ishuke. Hapo hulipuka mara moja, kisha hunyamaza tena. Wapenzi wa injini za aina hii huipenda kwa ajili ya mlio huo wa kusitasita, nami ni mmoja wao, hivyo msomaji achukulie upendeleo wangu kama ulivyo.

Nianze na violezo, kwa kuwa hapo ndipo thamani ya seti ilipo. Mtu asiyewahi kusubu hudhani kwamba kazi kubwa iko kwenye moto. Moto ni wa saa moja. Kilichoamua matokeo kilishaamuliwa na aliyechonga ubao. Alumini hunywea kwa takriban asilimia 1.3 inapoganda na kupoa, kwa hiyo kiolezo lazima kiwe kikubwa kuliko kipande kinachotakiwa kwa kiasi hicho. Juu ya hapo huongezwa unene wa ziada kila mahali patakapokerezwa, na kila upande uliosimama hupewa mwinamo wa digrii moja au mbili ili kiolezo kichomoke mchangani bila kuubomoa ukuta wa kalibu. Kona za ndani hujazwa zikawa za mviringo, maana kona kali hupasuka metali inapovutana wakati wa kupoa.

Nilivipima violezo vyote 14 kabla ya kuwasha chochote. Katika 12 kati ya hivyo hesabu ilikuwa sahihi ajabu. Kiolezo cha kitako cha injini, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote kwa kuwa kina mbavu za ndani na viti vinne vya beringi, kimegawanywa katika nusu mbili zinazoshikana kwa vijiti vya mbao ngumu, na nilipozifunga pamoja sikuweza kupitisha wembe katikati yake. Rangi iliyopakwa ni laini na haikudhurika hata baada ya kuzikwa mchangani mara 9. Aliyevichonga amewahi kusubu mwenyewe; hilo linaonekana katika mambo madogo, kama vile tundu lenye hesi katika kila kiolezo la kufungia skrubu ya kuchomolea, mahali ambapo wengine hutuacha tuhangaike na msumari.

Kiolezo cha flaiwili ndicho kilichonipotezea wiki tatu. Mchoro unataka flaiwili iliyokamilika iwe na kipenyo cha milimita 120. Kiolezo kilikuwa na milimita 122. Ukitoa kunywea, kipande kinachotoka mchangani huwa na milimita 120.4, na hiyo maana yake ni kwamba ukingo una ziada ya milimita 0.2 tu kila upande kwa ajili ya kukereza, ilhali ngozi ya kipande cha mchanga huwa na vishimo vinavyozidi kina hicho. Aliyekichonga alikumbuka kunywea akasahau mashine. Nilikuwa nimeuona upungufu huo nilipopima, lakini nikajiambia kwamba huenda nimekosea mimi. Flaiwili ya kwanza ikatoka na ukingo uliojaa madoa ambayo hayakuondoka hata nilipofika kwenye kipimo cha mwisho. Hatimaye nilizungushia kiolezo ukanda wa mbao nyembamba wa milimita 2, nikaulainisha kwa msasa, nikaupaka rangi. Kiolezo kikafika milimita 126, na flaiwili zilizofuata zikawa na zaidi ya milimita 2 za kukerezwa kila upande. Kiolezo cha pili chenye kasoro ni cha kifuniko cha silinda, nacho ni kosa la aina ileile, ingawa pale sehemu ya kurekebishwa ni bapa na nilimaliza kazi kwa kubandika kipande cha mbao jioni moja.

Flaiwili ina tatizo jingine ambalo haliko kwenye mbao. Kitabu kinaagiza kila kipande kisubiwe kwa alumini, nao ni ushauri unaopendeza kwa urahisi wake, lakini injini inayodhibitiwa kwa kuruka milipuko huishi kwa uzito wa flaiwili. Flaiwili ya alumini ilikuwa na gramu 280 hivi, na injini ikawa inakata roho kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Nilisubu upya kwa aloi ya zinki yenye alumini ya takriban asilimia 11, ambayo uzito wake kwa ujazo uleule ni zaidi ya mara mbili ya alumini. Aloi hiyo huwa imeyeyuka kabisa kabla ya nyuzi 450 za Selsiasi na hunywea kwa kiasi kinachokaribiana na cha alumini, kwa hiyo kiolezo kilekile kinatumika. Flaiwili zikapita gramu 600 na tabia ya injini ikabadilika kabisa. Ni jambo ambalo kitabu kingelisema kwa sentensi mbili.

Mchanga hauna maneno mengi. Umeshachanganywa na mafuta badala ya maji, hushika umbo vizuri, na hutoa uso laini kuliko mchanga wa kawaida wa udongo wa bentonaiti. Faida yake kubwa kwa anayeanza ni kwamba hauna maji ya kugeuka mvuke metali inapoingia. Ubaya wake ni moshi, kwani mafuta huungua kila unapomimina, na tabaka lililogusa metali hugeuka jeusi likahitaji kuondolewa. Kiasi kilichotolewa kinatosha kujaza fremu kubwa mara moja tu, na hakibaki cha akiba. Kwa upande wa viini, yaani vile vipande vya mchanga mgumu vinavyowekwa ndani ya kalibu ili kuacha uwazi, seti inatumia mchanga mkavu uliochanganywa na sodiamu silikati na kugandishwa kwa gesi ya kaboni dioksidi. Boksi la mbao la kutengenezea kiini cha tangi la maji la silinda limechongwa vizuri sana. Kiini changu cha kwanza kilitoka kizima, nami sikutarajia hivyo.

Tanuri linafanya kazi iliyokusudiwa na halifanyi ile iliyotangazwa. Ni pipa dogo la bati lililotandikwa sufi ya kauri, na kichomeo chake huyeyusha chungu cha alumini kwa muda usiozidi nusu saa likishapata moto. Kwenye boksi pameandikwa kwamba linayeyusha pia chuma. Sufi yenyewe ina lebo inayosema inavumilia nyuzi 1,260, wakati chuma cha subu huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1,150 na hupaswa kumiminwa kikiwa na joto la juu zaidi ya kiwango cha sufi hiyo. Asidanganyike mtu. Tena sufi ilikuja ikiwa wazi, na nyuzi zake zikipeperuka zina madhara kwa mapafu. Kopo la udongo wa kuipakia lililokuwamo lilitosha ukuta tu, likaacha mfuniko. Niliongeza udongo wa kinzamoto wangu mwenyewe, na namshauri kila mnunuzi asiwashe tanuri kabla ya kufanya hivyo.

Chungu ni kizuri, ila namba yake inapotosha. Kimeandikwa kilo 4, na kitabu kinarudia kwamba kinabeba kilo 4 bila kusema za nini. Vyungu vya namna hii aghalabu hupimwa kwa metali nzito za jamii ya shaba. Kwa alumini iliyoyeyuka ujazo huo ni kama kilo 1.2, na kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu anayejaza chungu mpaka mdomoni, kinachobaki ni kilo moja. Kitako cha injini pamoja na njia za kumiminia na visima vya akiba, vya kukilisha kipande metali kinaponywea, vilinitaka gramu 900. Kilitosha, lakini mkono ulinitetemeka, na ningekuwa nimekata visima vipana kidogo tu ningekwama katikati ya kumimina. Chungu kipya kipashwe moto polepole kikiwa kitupu ili unyevu utoke, na metali isiachwe igande ndani yake. Haya kitabu kinayasema, na kinayasema vizuri.

Kuhusu metali yenyewe, kitabu kinasema tu kwamba alumini yoyote chakavu inafaa. Sentensi hiyo ndiyo niliyoichukia kuliko zote. Alumini ya fremu za madirisha ina silikoni kidogo mno, haitiririki vizuri na hupasuka kwenye kona. Makopo ya vinywaji huishia kuwa takataka zinazoelea juu, yale ambayo wahunzi huyaita mavi ya chuma, kuliko metali ya kumimina. Kinachofaa ni kile kilichokwisha kusubiwa hapo awali: rimu za magari, vichwa vya silinda, pistoni kuukuu. Aloi hizo kwa kawaida huwa na silikoni ya asilimia 7 au zaidi, nazo hujaza kalibu mpaka kwenye kona nyembamba. Hata hivyo kati ya chakavu hizo hujificha vipande vya magnesiamu, ambavyo vikishika moto ndani ya tanuri haviwezi kuzimwa kwa maji, maji huvichochea. Tone la siki juu ya uso uliokwanguliwa linatosha kuvibaini, kwa kuwa magnesiamu hutoa povu na alumini haitoi. Kitabu kinachomfundisha mtu kuyeyusha chakavu nyumbani bila kumtajia magnesiamu kimeacha pengo kubwa, na hili ni moja ya yale mawili ambayo mtengenezaji amekiri.

Kitako changu cha kwanza kilikuwa kizuri kwa nje. Nilipokipitisha kwenye mashine, chini ya ngozi mkajaa vitundu kama vya sifongo. Kosa hili lilikuwa langu. Alumini iliyoyeyuka hufyonza haidrojeni kutoka kwenye unyevu wowote inaoukuta, na jinsi inavyozidi kupata moto ndivyo inavyofyonza zaidi. Ikiganda haiwezi kuishikilia, gesi ikajitenga na kuacha vitundu. Nilikuwa nimeiacha ndani ya tanuri mpaka ikapita nyuzi 800 huku nikiikoroga kwa fimbo ambayo sikuikausha. Mara ya pili nilikausha kila kitu, nikazima kichomeo kipimajoto kiliposoma 730, nikaondoa takataka mara moja na kumimina bila kusita. Kitako kilitoka kigumu na safi. Kipimajoto hicho, ambacho watengenezaji wengine wangekiacha ili kupunguza gharama, ndicho kifaa nilichokishukuru kuliko tanuri lenyewe. Naongeza pia kwamba sakafu ya zege haifai kumiminiwa juu yake, kwa sababu alumini ikimwagika unyevu ulio ndani ya zege hugeuka mvuke na kuirusha. Trei ya mchanga mkavu chini ya kalibu ni lazima, na kitabu kinalieleza jambo hili kwa herufi nzito inavyostahili.

Sehemu ya kukereza ndiyo inayowatenganisha wanunuzi. Anayemiliki mashine ya kukereza na amezoea kupima kwa sehemu ya mia ya milimita ataifurahia. Aliye na keekee, tupa na jiliwa peke yake hataimaliza, na boksi linapaswa kulitaja hilo waziwazi. Michoro ni mikubwa na inasomeka, vipimo vimeandikwa kwa milimita kila mahali, na mpangilio wa kazi, kuanzia kunyoosha sehemu ya chini ya kitako mpaka kutoboa viti vya beringi kwa mkupuo mmoja ili viwe kwenye mstari, ni wa fundi anayejua anachokifanya. Kisha unafika ukurasa wa pistoni.

Kitabu kinataka pistoni ya alumini iingie ndani ya silivu (bomba la ndani la silinda) ya chuma cha subu ikiwa na nafasi ya milimita 0.03 kwa kipenyo kizima. Kwenye benchi ilipendeza kweli: ukiziba upande mmoja kwa kidole, pistoni inarudi yenyewe kama chemchemi. Injini iliwaka siku ya kwanza, ikazunguka kwa dakika 6, ikakwama. Hesabu ningeweza kuifanya mapema. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha subu. Tuseme pistoni imepanda nyuzi 150 na silivu iliyozungukwa na maji imepanda 80: pistoni ya milimita 24 itakuwa imeongezeka takriban milimita 0.08, na silivu takriban milimita 0.02. Tofauti ni milimita 0.06, mara mbili ya nafasi iliyotolewa. Nafasi ya 0.03 ingefaa kama pistoni nayo ingekuwa ya chuma cha subu, na nashuku kwamba mchoro wa awali ulikuwa hivyo kabla ya mtu kuamua kwamba kila kitu kiwe alumini. Nilisubu pistoni nyingine, nikaipa nafasi ya milimita 0.08, nikaachia ringi mbili za chuma cha subu kazi ya kuzuia mgandamizo usivuje. Silivu niliisugua upya kwa msasa wa unga ili kuondoa mikwaruzo. Haijakwama tena, na hili ndilo kosa la pili ambalo mtengenezaji amelikubali. Jibu lake lilifika baada ya siku 4, likiwa na ukurasa uliosahihishwa. Kuhusu flaiwili na namba ya chungu hakujibu kitu.

Mengine yalikwenda kwa ulaini ambao nakiri ulinishangaza. Kabureta ni bomba dogo lenye sindano ya kupimia petroli na halina boya, nalo lilikubali marekebisho kwa robo zamu ya skrubu. Springi ya valvu ya hewa inapaswa kuwa dhaifu mno, na ile iliyoelekezwa kwenye mchoro ilikuwa sahihi. Kidhibiti cha kasi kilinichukua siku mbili za kukwangua kwa tupa mpaka kilango kikaanza kushika na kuachia bila kusita, na sasa injini hutulia karibu na mizunguko 500 kwa dakika, ikilipuka mara moja na kuteleza mizunguko sita au saba kabla ya kulipuka tena.

Kwa mtu aliyewahi kusubu walau mara chache, seti hii naipendekeza bila wasiwasi, kwa kuwa makosa yake yote ataweza kuyakamata kwa rula na kalamu. Kwa anayeanza kabisa ningemwambia aichukue akiwa na mwenzake anayejua mchanga, aagize mchanga wa ziada tangu mwanzo, na asikereze pistoni kabla ya kuuliza kama ukurasa alionao ni wa zamani au ule uliosahihishwa. Aliyekwishanunua toleo lenye kiolezo cha flaiwili cha milimita 122 asikitupe. Ukanda wa mbao wa milimita 2, gundi isiyolainika kwa mafuta, na tabaka mbili za rangi vinakitosha. Changu kimeshatoa flaiwili 4 tangu nilipokirekebisha, mbili zangu na mbili za rafiki ambaye violezo vingine vya boksi hili viko kwake hivi sasa.